Seli Zilizosahau Goti

Shoga, nimejifungia kwenye choo cha maabara. Nina hasira hizo!

Zile seli za gegedu, ule mfupa laini wa kwenye maungio, tulizotoa kwenye goti la yule mama mgonjwa tuzikuze tumrudishie? Zimeharibika! Si nilimwambia bosi? Ukizitandaza kwenye sahani ukazizalisha tena na tena, zinalala bapa, zinasahau kutengeneza gegedu. Yeye: "Ongeza! Tunataka nyingi."

Leo kaja daktari wa mifupa kuzikagua. Kachungulia kwenye darubini. Kisha: "Hizi ndizo gegedu? Mbona kama za kovu?"

Bosi kanigeukia MIMI. "Umezifanyaje?"

Umezifanyaje! Mimi! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini akiharibika mzazi ni mimi peke yangu!

Daktari akauliza kama kuna kipande cha gegedu cha akiba tuanze upya. Hakuna. Bosi aliagiza chote kitumike.

Nilipotoka maabara, nikamkuta mama mwenyewe kwenye benchi la korido, mkongojo mapajani. Kanishika mkono. "Mwanangu, seli zangu zimekua?"

Nikamwambia, "Zimekua nyingi sana, mama."

Wala sikudanganya. Akanibariki, shoga. Akanibariki!