Odhiambo Aliniamini Kuhusu Mashine Iliyofungiwa

Alhamisi, Kabiro. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya Julai imekaza, na mimi niko tu. Sina furaha, sina huzuni.

Kwa msionijua, nina chumba cha gemu hapa Kabiro, mtaani Kawangware: televisheni mbili, mashine mbili, viti vya plastiki. Mashine kubwa, inayovuta watu, niliinunua ikiwa imetumika. Odhiambo, fundi wa Laini Saba, aliifungua akatia chipu ili icheze gemu zilizonakiliwa. Najua si halali. Alinipa sharti moja, akaliandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya mashine yenyewe: USIUNGE NET, yaani nisiiunganishe kamwe na intaneti.

Miaka miwili nililitii.

Jumapili vijana waliokuja kucheza gemu ya mpira walinitania, wakinionyesha mchezaji mmoja kwenye skrini. "Mathe, huyu msee alihama kitambo. Mbona kwako bado ako na jezi ya zamani?" Nikaona aibu, mtu mzima mimi, kwa sababu ya jezi. Walipoondoka nikawasha hotspoti ya simu, nikaiunga mashine ipate timu mpya. Dakika tano tu, nilijiambia.

Timu hazikuja. Ukaja ujumbe kwamba mashine imeonekana kuchezewa, hivyo imewekewa vikwazo. Tangu hapo haifungui gemu yoyote, hata ile moja niliyonunua dukani.

Mwenye kampuni iliyotengeneza mashine hanijui, wala hajui Kabiro iko wapi, lakini amefunga kitu kilicho juu ya meza yangu. Nilidhani ningekasirika, lakini sikukasirika. Mimi nilivunja sheria yake, naye hakubisha hodi, kwa hivyo tuko sare.

Jumatatu nikampelekea Odhiambo. Akausoma ujumbe, akaniuliza, "Mama Ndanu, uliiunga net?"

Nikasema hapana.

Akaigeuza mashine mara mbili. "Basi ni mimi," akasema. "Lazima niliacha net wazi, ikashika wi-fi ya jirani. Pole sana." Kisha akanipa mashine ya nyumbani kwake, ile ya watoto wake, niitumie mpaka apate njia. Nikaipokea. Hata asante nilisema.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeenda Laini Saba ikarudi, na bado inaendelea.

Leo mchana Odhiambo amenipigia simu. Mteja wa Makina alimletea mashine tatu, kazi ya wiki nzima, na yeye fundi amezikataa. "Nimemwambia aende kwa fundi mwingine," akasema. "Hizo kazi nimewacha. Mkono wangu siuamini tena." Alisema kwa sauti ya kawaida tu, halafu akauliza kama ile ya watoto inacheza vizuri.

Nikamwambia inacheza vizuri.

Nimeona haya. Huyu mtu alijifundisha ufundi kwa kufungua redio mbovu, hakuna aliyemshika mkono, na mimi nimemharibia kwa neno moja.

Nimeanza kumwandikia ujumbe, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Kesho chumba hakifunguliwi. Naenda Laini Saba asubuhi na mashine ya watoto wake, nimwambie nikimtazama usoni kwamba aliyeiunga ni mimi. Akinifukuza, sawa. Atakuwa amejua kwamba mkono wake haukukosea.

Lakini mteja wa Makina ameshaenda.