Kitabu Juu ya Lifti

Jumatatu, 3 Machi
Mji mwingine, gesti ileile kwa jina jingine. Godoro lina bonde katikati, pazia halifiki chini. Mgongo unauma, magoti yanauma, hata kulalamika nimechoka. Lakini maji ya moto yapo! Nimeoga mpaka vidole vikakunjamana. Chai, mkate, miguu juu ya kiti.

Jioni nikampigia Dada Mkubwa, nikamsomea sura moja kama kawaida. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma. Nikikosea alikuwa ananifinya sikio. Sasa jicho la kushoto limeshakufa, la kulia linaona ukungu tu. Ijumaa linapasuliwa. Kitabu kachagua mwenyewe: mjane kauza nyumba, anazunguka dunia kwa meli za mizigo. Dada hajawahi kuvuka hata mpaka wa wilaya, lakini kila jioni anabishana na nahodha.

Jumatano, 5 Machi
Lifti ya jengo la ofisi. Sisi mafundi tunafanyia kazi juu ya paa la lifti, gizani, grisi mpaka kwenye nyusi. Umeme ukakatika. Nikakaa hukohuko, nikarudia kwa tochi sura ya jana. Raha tupu! Sikuruka mbele, Dada kakataza. Mjane karudi, kasimama mbele ya nyumba aliyoiuza, anabisha hodi. Imebaki sura moja.

Bosi kapiga simu. Kuna hoteli mji wa mbali, lifti imekwama, niondoke leoleo. Nikamkumbusha ruhusa yangu ya Ijumaa. Akasema mgonjwa ana binti yake, lifti haina mtu. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi! Nikakusanya spana. Ningebisha, ila nguvu za kubisha sina.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefungua begi. Spana, soksi — kitabu hakuna. Nimekiacha juu ya paa la lifti! Kinapanda na kushuka na makarani wala hawajui. Nimecheka peke yangu, halafu karibu nilie. Mlinzi wa lile jengo anasema kwa simu huko juu hapandi, na ana haki. Duka la vitabu la hapa linauza vya mitihani tu.

Dada nimemdanganya: mtandao mbovu. Akasema basi kesho, kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Bila mwisho haingii. Jicho likikataa, anasema, angalau awe na hadithi nzima ya kukaa nayo gizani.

Ijumaa, 7 Machi
Niko kwenye ngazi za hoteli. Binti wa Dada kapiga, kamshikia simu sikioni. Nikaanza kusoma viganja vyangu. Mlango ukafunguliwa, nikasema. Akatoka mwanamke mwenye unga mikononi. Akasema... akasema...

Dada akauliza kitabu kiko wapi.

Nikamwambia yote, paa na makarani. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu sauti ikashuka.

"Naogopa, mdogo wangu. Endelea tu. Ila asifukuzwe mlangoni."

Nesi kaja na dawa ya matone, nimeambiwa nisikate. Simu iko begani, naandika hapa nipate la kusema. Mwenye nyumba anavuta kiti. Mjane anaketi. Anaulizwa, huko kote alikozunguka — nasikia magurudumu ya kitanda.

"Aliulizwa nini?"

Aliulizwa aliona nini, nikamwambia.

"Sasa aliona nini? Sema upesi, wananipeleka."