Sentensi Mia Mbili na Tatu za Babu

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa kompyuta kanipa mashine kumi na nane za maabara, zote niziwekee mfumo wa Linux. "Haya bubu, marafiki zako hawa." Darasa zima likacheka; ndivyo wanavyoniita, kwa kuwa siongei sana. Kila mashine inauliza maswali yaleyale — lugha gani, paswedi ipi, nifute diski? Una uhakika? Nimesoma kwamba majibu yote unaweza kuyaandika mapema kwenye faili moja ndani ya flashi, mashine ikajisomea. Haikuulizi tena! Laiti ningekuwa na faili kama hilo na mimi. Mtu akinisalimia, limjibu.

Jumatano, 5 Machi
Tumemaliza. Sentensi mia mbili na tatu. Kesho Babu anapasuliwa koo, na daktari kasema sauti haitarudi. Wiki tatu tumekaa sebuleni mbele ya kompyuta, yeye anasema, mimi narekodi. "Nipe maji." "Mjukuu wangu, umekula?" Hata matusi ya kumtupia jirani timu yake ikifungwa! Bibi kasema mzee huyu hata anyamazishwe hanyamazi. Leo kakohoa katikati ya kurekodi, akasema hiyo mbaya, futa, turudie. Kisha kauliza, nakala ipo? Nikamwonyesha flashi. Kanipa mkono kama mtu mzima.

Alhamisi, 6 Machi
Operesheni salama.
Sina flashi nyingine. Nimefuta nakala ya Babu — kwa siku mbili tatu tu, sentensi zenyewe si zipo kwenye kompyuta? — nikaweka Linux na faili langu la majibu. Nifute diski: ndiyo. Una uhakika: ndiyo. Hata ile menyu ya mwanzo inayosubiri mtu abonyeze nimeiondoa. Waje sasa wanaoniita bubu!

Jumamosi, 8 Machi
Tumeshinda hospitali. Babu ana tundu shingoni, anaandika kwenye daftari. Kaandika: nikirudi utaniwashia, naanza na bibi yako.
Mchana umeme ulikatika nyumbani, ukarudi. Kompyuta ya sebuleni hujiwasha yenyewe umeme ukirudi. Mimi ndiye niliyeipanga hivyo. Na flashi niliiacha imechomekwa.
Skrini safi, diski imefutwa, sentensi za Babu hakuna. Jina: maabara. Paswedi ileile niliyoandika.
Hakuna kilichokwama. Imefanya kila kitu sawasawa.

Jumatano, 12 Machi
Diski nimeipeleka maabara kwa siri. Programu ya kufukua vilivyofutwa imezunguka siku mbili. Vipande. Mikwaruzo. Mama kauliza mbona huli, nikasema mtihani.
Faili moja tu limetoka zima. Sekunde nne.

Ijumaa, 14 Machi
Babu karudi. Kaka kapanga viti kuizunguka kompyuta. Bibi kavaa gauni la kutokea! Babu kaandika: namba moja. Namba moja ni "Umeamkaje, mke wangu?"
Nikasema naenda chooni. Naandikia hapa, daftari gotini. Bibi anapaza sauti huko, njoo basi, mume wangu ananiringia tangu wiki iliyopita!
Ninayo sentensi moja tu ya kuwawashia. Babu anakohoa, anasema hiyo mbaya, futa, turudie.
Mlango umegongwa. Mara mbili, polepole. Karatasi inapenya chini — mwandiko wa Babu.
"Sasa tuko mabubu wawili. Fungua."
Viatu vyake naviona hapo chini ya mlango. Haondoki.