Chakula cha Mtu Aliyetuibia

Mama mpendwa,

Mwezi uliopita nilimwona Papa Kalenga sokoni. Alikuwa ameketi kwenye kibanda cha mabati anashona viatu vya watu, nywele zote zimekuwa nyeupe. Tuliongea kidogo, nikarudi nyumbani na jambo ambalo nilipaswa kukuambia ungali hai. Naliandika leo, kwa kuwa nimechelewa kulisema.

Unaikumbuka Jumapili ile. Ninyi mlikuwa kanisani, mimi nilibaki kitandani na malaria. Nilisikia mlango ukifunguliwa, nikainuka kutazama. Papa Kalenga, aliyefanya kazi na baba miaka mingi kiwandani pale Panda, alikuwa anaiinua mashini yako ya kushona na kuiweka begani. Aliniona. Alisimama kidogo, kisha akatoka nayo. Baba alikuwa ameshafariki, kiwanda kilikuwa karibu kufa, na mashini ile ndiyo iliyotulisha sisi watoto wanne. Nilipokusimulia nilichokiona hukulia. Ulijifunga kitambaa kichwani, ukanishika mkono, tukaenda kwa askari. Mimi ndiye niliyetaja jina lake. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilijivunia.

Walimkamata siku ya tatu. Mashini ilikuwa imekwisha kuuzwa, naye alisema hajui kwa nani, mtu wa kupita tu. Wakamtia boloko, na sisi tukaona kwamba haki imetendeka. Hatukuwa na mashini, lakini angalau mwizi alikuwa gerezani.

Baada ya majuma kadhaa ulikwenda kumwona. Ulituambia unakwenda kumuuliza mara ya mwisho ilikopelekwa mashini. Ulirudi. Ulikaa jikoni bila kuwasha moto, kisha ukaanza kutusimulia kidogo kidogo: serikali haikuwa inaleta chakula tena, kila mfungwa alikula alicholetewa na ndugu zake, asiye na ndugu aliomba makombo ya wenzake, na mke wa Papa Kalenga alikuwa amerudi kijijini kwao na watoto. Wanaume walilala kwa zamu kwa sababu sakafu haikuwatosha. Hata walinzi walikuwa hawajalipwa miezi mingi, nao walichota katika sahani za wafungwa. Kesi yake haikuwa imesikilizwa. Mahakimu walikuwa wamegoma.

Kesho yake ulisonga unga wa bukari, ukatia mboga ya lengalenga, ukafunga sufuria kwa kitambaa. Kaka yangu mkubwa alikasirika. Alikuuliza kama umesahau nani ametufikisha tulipo. Ulimjibu bila kuacha kufunga fundo.

"Nilimushitaki juu afungwe. Sikumushitaki juu afe na njala."

Ulikwenda pia kwa waendesha mashitaka kuomba kesi ifutwe. Karani alikuambia kesi si yako tena, ni ya serikali, na faili lenyewe halionekani. Ulipofika nyumbani ulicheka, kicheko chako kile kifupi, ukasema, "Serikali imekamata kesi, miye imeniachia sufuria."

Ulikuwa umeanza kuuza unga sokoni, hukuwa na nafasi, kwa hiyo ukanituma mimi. Kila Alhamisi, baada ya shule.

Mama, hapa ndipo penye jambo langu. Alhamisi ya kwanza sikufika. Nilivuka reli, nikakaa nyuma ya ukuta wa ghala lile bovu, nikafungua sufuria nikala chote. Nilikuwa na njala, unajua tulivyokuwa tukila mara moja kwa siku. Alhamisi ya pili nilikula tena, safari hii kwa hasira, kila tonge nikijiambia kwamba ni haki yangu, kwamba ni yeye aliyetunyang'anya chakula kwanza. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Sikuwa hata na njala, shangazi alikuwa ametuletea viazi. Nilimwaga bukari mtaroni, nikasuuza sufuria kwenye bomba la shule, nikakuletea ikiwa safi. Ulinishukuru. Ulinipa tonge kubwa kuliko la wadogo zangu, kwa sababu nilikuwa nimetembea.

Alhamisi ya nne ulifunga biashara mapema, ukasema tutakwenda pamoja. Njia nzima nilitafuta ugonjwa wa kusingizia. Mlinzi alichota sehemu yake, akatufungulia. Papa Kalenga alikuwa ameegemea ukuta wa ua, miguu imevimba, mashavu yamezama. Alijaribu kusimama akashindwa. Nilimjua kama mtu wa kubeba mashini ya chuma begani peke yake, na sasa alishindwa kubeba mwili wake. Ulichuchumaa mbele yake, ukamtazama, kisha ukageuka ukanitazama mimi.

"Mutoto alikuletea chakula, hizi Alhamisi tatu?" ulimuuliza.

Naye akanitazama. Nilisubiri. Nilikuwa nimemtaja mbele ya askari, na sasa zamu ilikuwa yake.

"Aliniletea, mama," alisema. "Ni tumbo ndiyo inakataa."

Ulimlisha kwa mkono wako, polepole, kama mtoto. Mimi nilisimama pembeni sikusema kitu, na tulipokuwa tunarudi sikusema kitu, na miaka yote iliyofuata sikusema kitu. Ulinisifu njiani kwamba nimekuwa msichana wa kuaminika.

Baada ya siku ile sikukosa hata Alhamisi moja. Karibu mwaka mzima nilibeba sufuria ile na sikuonja. Papa Kalenga alinisalimia, aliniuliza habari za shule, hakuzigusia kamwe zile Alhamisi tatu. Kisha wakamtoa, yeye na wengine wengi, bila hukumu, kwa kuwa hakuna aliyepata karatasi zao. Alikuja moja kwa moja kwetu. Ulikuwa unafua. Alitaka kupiga magoti ukamzuia, ukamwambia wazi kwamba chakula ulimpelekea kwa sababu ni mtu, lakini moyo wako bado una hasira naye, asikudanganye na asijidanganye. Aliitika, akaondoka. Mimi nilikuwa ndani, nimejificha nyuma ya pazia. Sikuwahi kujua kama baadaye ulimsamehe. Najua tu kwamba mwaka jana tulipokuzika alisimama mbali na watu, na alikuwa wa mwisho kuondoka.

Ndiyo maana mwezi uliopita nilimpa kiatu changu ashone, nikakaa kwenye kigoda chake, nikamuuliza kwa nini alinifichia siri siku ile. Alisema alidhani nimesahau. Aliendelea kuvuta uzi, kisha akaniambia, "Weye ulikuwa mutoto. Kama ningesema, mama angekupiga, na miye ningebakia na njala yangu ileile. Ile fimbo haingenishibisha."

Akanirudishia kiatu.

Mama, nilidhani siku ile tulimwona mtu mmoja tu mwenye kosa katika ua ule. Tulikuwa wawili. Mmoja alifungwa hadi akakaribia kufa, mwingine alisifiwa akapewa tonge kubwa. Kama yeye alistahili kuta zile, sijui mimi nilistahili nini, na sijui nani angepona kama ungejua ukanipa ninachostahili. Wewe ulijua mahali pa kusimama: ulitaka akae ndani, na ulitaka awe hai. Mimi imenichukua miaka yote hii kuelewa kwamba mambo hayo mawili hayagombani.

Nimekwambia sasa. Kama kuna namna ya kunikasirikia huko uliko, nikasirikie, Mama. Nimeingoja hasira hiyo tangu utotoni.

Lala pema,
mimi binti yako, uliyekuwa ukimtuma