Masomo Matano ya Kaija

Melini, Ziwa Superior
3 Septemba 1986

Mwanangu Kaija,

Hujambo? Mimi sijambo, ila magoti usiyaulize. Watu ishirini na saba wanakula mara tatu kwa siku na mpishi ni mimi, basi nasimama tangu saa kumi alfajiri.

Ratiba yako tumeipanga mimi na Wendell wa injini: kemia, biolojia, fizikia, hesabu na uandishi. Wenzako wanachukua masomo manne, najua. Kwa matano utamaliza hapo chuoni kwa miaka mitatu, ndipo uende chuo cha udaktari. Miaka mitatu ya kukulipia karo magoti yatanifikisha. Wa nne siahidi.

Kula vizuri, kahawa si chakula.

Baba yako

Minneapolis
28 Septemba 1986

Baba mpendwa,

Natumai u mzima, na magoti yanakuvumilia. Mimi nimechoka, Baba. Sina neno jingine. Maabara ziko tatu kwa wiki na kila moja inadai ripoti. Juzi nilisinzia nimeshika chupa ya asidi. Denise, mwenzangu wa meza, akanipokonya: "We, ukitaka kufa kafie kwenu!" Tulicheka, lakini chupa sikuigusa tena siku hiyo.

Mtihani wa kemia nimepata arobaini na moja kwa mia. Mshauri wa masomo anasema nikiliacha somo kufikia Ijumaa tarehe 17 Oktoba, halihesabiwi, nitalisoma mwakani. Nikichelewa kisha nikaanguka, alama inabaki kwenye karatasi yangu ya matokeo, na vyuo vya udaktari huiona. Lakini nikiliacha, miaka mitatu haitatosha. Wewe ndiye uliyepanga. Siachi mpaka uniambie.

Binti yako

Melini, Mto Detroit
8 Oktoba 1986

Mwanangu,

Natumai umepata usingizi kidogo. Barua yako nimeipata leo. Boti ya posta imetusogelea ubavuni, tukashusha ndoo kwa kamba kama kawaida.

Acha kemia. Usiniwazie mimi.

Baba yako

Minneapolis
27 Oktoba 1986

Baba,

Hujambo? Mimi ni mzima wa kutembea tu.

Barua yako imefika Ijumaa iliyopita, tarehe 24. Siku ya mwisho nilikaa ofisini kwa mshauri mpaka wakafunga. Alikuwa ameshika kalamu. "Binti, tia sahihi." Nikamwambia nangoja neno la baba yangu. Akaniangalia kama mtoto wa chekechea.

Mtihani wa pili nimepata thelathini na nane. Sasa siwezi kuliacha tena.

Umeandika tarehe 8, lakini muhuri wa posta ni wa tarehe 21. Barua ilikuwa wapi?

Binti yako

Melini, bandari ya Duluth
4 Novemba 1986

Mwanangu Kaija,

Salamu nyingi, ingawa naona haya kukusalimu.

Posta haina kosa. Barua ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Tarehe 10 tulipita Detroit tukirudi Ziwa Superior, ndoo ikashushwa, barua sikuitia humo. Tukaja kupakia hapa Duluth, sanduku la posta liko langoni, nikalipita nikienda kununua viazi. Nilijiambia labda utajikaza, labda mtihani wa pili utakuwa mwepesi. Uongo mtupu. Niliogopa mwaka wa nne. Siku hizi namenya viazi nimekaa kwenye kreti, na nahodha anajifanya haoni.

Nilipoitia ndooni hatimaye, siku ya mwisho ilikuwa imeshapita, na nilijua. Wendell nilipomweleza akasema, "Reino, we ni mpumbavu," akaondoka na kikombe chake.

Ile alama itabaki kwenye karatasi yako kwa sababu yangu. Samahani, mwanangu. Siwezi kuifuta.

Mwaka wa nne nitaufanya. Wa tano pia, nikiwa nimekaa. Januari jiandikishe masomo unayoyaweza, hata kama ni matatu. Usingoje neno langu. Niambie tu ni yapi.

Baba yako