Kwa Dada Yustina, Aliyesubiri Nilie

Dada Yustina wangu,

Shikamoo kwanza, maana hata ukiwa umejilaza bado wewe ni mkubwa wangu. Mdogo wako ameniandikia kutoka kisiwani kwenu, Flores. Anasema tangu mwezi uliopita umejifungia chumbani, simu umeizima, na watu uliokuwa ukiwapigania wanafika mlangoni wanarudi. "Lakini anakula," ameongeza, ili kunipa moyo. Hilo la kula ndilo lililonitia hofu. Wewe unajua kwa nini.

Leo ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, mlima haupo kabisa, na nikikaa hapa barazani naona kama miaka haijapita. Nakuona ukija kwa njia ya mfereji, gauni umelishika lisiloane, watoto nyuma yako wakiimba "Mchina! Mchina!" nawe ukiwajibu bila kugeuka, "Mchina wa Flores!" Ulikuja kufundisha ushonaji kwenye chuo cha parokia, na sisi wa Marangu tukashangaa mtu atoke mbali hivyo na jina kama la shangazi zetu. Ukasema kisiwani kwenu nako kuna mlima, kahawa, migomba na kengele ya kanisa. Nikadhani unatuchekesha.

Wakati huo Haika wangu alikuwa na miezi miwili. Nilikuwa ndani, kama mzazi wa Kichagga anavyowekwa ndani: silimi, sichoti maji, sikati majani ya ng'ombe, kazi yangu ni kunyonyesha na kula. Mtori wa ndizi na nyama asubuhi, mtori mchana. Wageni wakiingia na maziwa wanasema, "Mae, umenawiri!" Na kweli mashavu yalikuwa yamejaa. Ila mtoto nilimwona kama wa mtu mwingine, niliyeachiwa nimshikie kidogo. Kutwa nilisikiliza maji ya mfereji nyuma ya nyumba, nikatamani kwenda nayo yanakokwenda, huko chini Kahe, nisirudi. Sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi, na kinywa kimejaa mtori?

Ukaingia na kigauni ulichomshonea Haika. "Umekula?" ukaniuliza. Nikasema moyoni, huyu naye! Baadaye ndipo nilipojua kwamba kwenu hiyo ndiyo salamu. Mama mkwe akanijibia: "Amekula, mae, si unamwona?" Alipotoka kwenda kwa ng'ombe, ukasogeza kigoda karibu na kitanda.

"Umelia leo?"

"Bado," nikasema. Bado! Kama vile ni kazi ya siku ambayo sijaifikia.

Hukucheka. Ulisema tu, "Basi nitasubiri," ukatoa sindano ukaendelea kushona pindo. Sijui ulikaa muda gani. Najua kwamba nililia mpaka Haika akaamka, ukanipa nimshike, na kwa mara ya kwanza nikasikia kuwa ni wangu.

Siku nyingine ukanisimulia habari za mama yako mdogo, aliyechanganyikiwa akili, ndugu wakamfunga mguu kwenye gogo nyuma ya nyumba, wakawa wanampelekea chakula kila siku bila kukosa. Ulikuwa msichana mdogo, na wewe ndiye uliyebeba sahani. Ndiyo maana ulipokua ulikwenda nyumba kwa nyumba ukiwabembeleza watu wawafungue wagonjwa wao. Nikakuambia mimi sikufungwa kwa gogo, nilifungwa kwa mtori. Hapo ndipo ulipocheka.

Na hukutulia. Ulituchukua, mimi na wazazi wenzangu watano, tukaenda kliniki siku ya kupima watoto. "Mtoto mnampima," ukamwambia nesi, "mama je?" Akasema una maneno mengi. Tukarudi mwezi uliofuata, na uliofuata, hadi wakakubali kila mama aulizwe swali lako kabla mtoto hajatundikwa kwenye mzani. Mama mkwe alisema kumuuliza mtu habari za kilio ni uchuro. Kisha jioni moja, akimenya ndizi, akaniambia kwamba kwa mtoto wake wa kwanza alilia miezi, akasingizia moshi wa jikoni.

Mpaka leo swali linaulizwa. Wapo wanaojibu "bado", na tunajua la kufanya. Lakini dada, kwa muda wote uliokaa nasi, hakuna aliyewahi kukuuliza wewe. Ulipokuwa kimya tulikujazia sahani. Hata uliporudi kwenu kuendelea na kazi ya kufungua watu, ukinitumia sauti yako kwenye simu mimi nilikujibu "Umekula?" nikijiona nimejua lugha yenu. Mganga hajigangi, nasi tukakaa tukikutazama ujigange. Naona aibu. Nakupenda, na ninaogopa.

Nimewasomea akina mama wa kliniki barua hii, wakasema iachwe wazi, yeyote aisome, maana aliyekosa kuuliza si mimi peke yangu. Nimemwomba mdogo wako aiweke kando ya sahani yako. Usijibu haraka. Mama mkwe anakusalimu. Haika yuko darasa la tatu sasa, na kile kigauni anamvalisha mwanasesere.

Nimesogeza kigoda, dada. Umelia leo?

Kama bado, nitasubiri.

Mdogo wako wa Marangu,
Mama Haika