Nani Atafukuza Kuku Kwenye Ndagala

Mjukuu wangu Riziki,

Huku Baraka tumeamka wazima, mama yako anakusalimu, na ziwa limetupatia ndagala wengi, samaki wetu wadogo wa kuanika. Unauliza kwa nini nilipaza sauti kwenye kikao cha wazazi, mimi mtu wa kanisani.

Nilipokuwa binti, mama na mimi tulimpeleka mdogo wangu Asukulu kwenye shule ya watoto wadogo. Madame, mwalimu wa hapo, alituzuia mlangoni. "Huyu mutoto ananuka ndagala. Mumulete akiwa na viatu."

Mama akamuuliza, "Na mangaribi ndagala ikiwa kwa sahani yako, Madame, haiko na harufu?"

Watu walicheka, lakini mlango haukufunguliwa. Asukulu alirudi mchangani kufukuza kuku wasile ndagala tulioanika, kazi ambayo kwetu hupewa mtoto mdogo kuliko wote. Alipoingia darasa la kwanza, wenzake walikwisha kuzoea chaki. Yeye aliitwa mjinga kabla hajafungua kinywa, akaacha shule. Hasira hiyo sijaimeza hadi leo.

Sasa kwenye kikao, mkurugenzi wa shule ya watoto wadogo alisema mdogo wako Neema na watoto wengine wa wavuvi wangoje mpaka wapate viatu. Nikasimama. "Ni miguu ndiyo inasomaka?" Sikuketi hadi aliposema waingie hivyo hivyo.

Leo Neema yuko darasani, miguu mitupu. Nakuandikia nikiwa mchangani, fimbo magotini, maana kuku hawajali kwamba mfukuzaji wao ameenda kusoma.

Ni mimi koko wako